Uliza jicho linapita upande gani

Nimefundisha jiografia shule za msingi mkoani Mtwara miaka 26, jina la somo likibadilika kila mtaala ulipobadilika, na miaka yote hiyo kimbunga kilikuwa kitu cha ubaoni: duara, mishale, jicho katikati. "Hayo ni mambo ya Madagaska na Msumbiji," nilikuwa nawaambia watoto. "Sisi ikweta inatulinda." Wakaandika, wakafaulu. Kisha Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaja mpaka kizingitini. Mei 2024, nikiwa nimeshastaafu na kuhamia kwa wakwe zangu Kilwa Kivinje, kikaja Hidaya. Kwa hiyo haya ninayowaandikia, nusu nimeyatoa kwenye chaki na nusu kwenye matope.

Kwanza nisahihishe nilichowafundisha watoto wa watu. Ikweta inatulinda kweli, lakini ulinzi wake una mpaka. Kimbunga kinataka bahari yenye joto, nyuzi 26.5 hivi na kuendelea, na kinataka msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, ili hewa inayokimbilia kwenye mgandamizo mdogo ijipinde na kuanza kuzunguka badala ya kwenda moja kwa moja. Ndani ya nyuzi kama 5 za latitudo msukumo huo ni hafifu mno. Mombasa ipo nyuzi 4 kusini, imelala pazuri. Dar es Salaam karibu 7, Kilwa karibu 9, Mtwara 10 na ushei. Sisi tupo ukingoni. Mlinzi wetu wa pili ni Madagaska yenyewe, kisiwa kirefu kilichotukingia kifua, kwa kuwa vimbunga vingi vinavyotoka mashariki hupiga huko kwanza. Vinavyotufikia huwa vimepenya juu ya ncha yake ya kaskazini.

Ni vichache, lakini vimekuwapo. Aprili 1872 Unguja ilipigwa, mikarafuu ikalala chini, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nyumba ya karafuu. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Kenneth Aprili, Jobo Aprili 2021, Hidaya Mei. Mmeiona hiyo miezi? Kwa wenzetu wa kusini msimu huanza Novemba, na kwao Januari hadi Machi ndiko kuna moto. Kwetu balaa limekuwa likija mkiani, kaskazi ikiwa imechoka na kusi haijakaa sawa, wakati masika yameshaishibisha ardhi maji. Mkishapita Pasaka bila kusikia kitu, msianze kushukuru mapema.

Sasa chukueni sinia

Hili ndilo ninalotaka mlijue kuliko mengine yote, na ndilo lililonichukua miaka mitano kulielewa.

Chora pwani kwenye karatasi: mstari wa juu kwenda chini, bahari upande wa kulia, bara upande wa kushoto. Weka sinia dogo baharini. Lizungushe kama mkono wa saa unavyokwenda, maana huku kusini mwa ikweta vimbunga vyote huzunguka hivyo. Huku ukilizungusha, lisogeze polepole kuelekea bara. Halafu tazama kingo zake mbili. Ukingo wa chini, wa kusini, unasukuma kutoka baharini kuja nchi kavu. Ukingo wa juu, wa kaskazini, unasukuma kutoka bara kwenda baharini.

Umeona? Kama jicho linaingia nchi kavu kaskazini mwa kijiji chako, wewe upo upande mbaya. Upepo unakuletea bahari mlangoni, tena mwendo wa kimbunga chenyewe unajumlishwa kwenye nguvu ya upepo. Kama jicho linapita kusini mwako, upepo unatoka bara, unaisukuma bahari ikuondokee.

Mwaka 2019 nilikuwa Mikindani. Shule zilifungwa, watu wa mabondeni wakahamishwa, tukakaa tukisubiri. Upepo ukaja, lakini ulikuwa wa kutoka bara, tena wa kawaida. Mvua ya kawaida. Kesho yake vijiweni ikawa vicheko: watu wa hali ya hewa wametutia hofu bure, tumelala shuleni na watoto kama wakimbizi. Na mimi mwalimu mzima nikacheka nao. Wakati huo Kenneth kilikuwa kimeingia Cabo Delgado tarehe 25 Aprili, kaskazini mwa mji wa Pemba (Pemba ya Msumbiji, si ile ya karafuu), kikiwa na upepo wa kilomita 220 hivi kwa saa. Kisiwa cha Ibo, ambako Mikindani na Mtwara tuna ndugu na watani, kilikaribia kufutwa. Nyumba zilizobaki na paa zilikuwa za kuhesabu. Kabla ya hapo kilikuwa kimeshaipiga Ngazija kule Komoro. Hatukudanganywa. Tulikuwa kaskazini mwa jicho, basi. Lingepanda kilomita 200 juu zaidi, kicheko kingekuwa kingine.

Hidaya kilikuwa kinyume chake. Kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na Mafia ipo kaskazini mwetu sisi wa Kilwa. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ambaye amevua tangu enzi za matanga ya kitambaa cha marekani, hakuhitaji sinia. Alisimama ufukweni mgongo ukiwa kwenye upepo, akanyoosha mkono wa kulia. "Kipo kule, shemeji," akasema. Ni kanuni ya mabaharia, nayo ni sahihi: huku kwetu ukiupa upepo mgongo, jicho lipo mkono wako wa kulia, mbele kidogo. Upepo ulianza kusi, ukageuka matlai, yaani wa mashariki, ndivyo nilivyouona siku hiyo mwenyewe, na kugeuka huko kulimwambia kwamba kimbunga kinapita juu yetu kuelekea magharibi. Alinifundisha na jingine: upepo ukizidi nguvu bila kugeuka, ujue jicho linakuja kwako moja kwa moja.

Jicho likikupitia kichwani, utasikia kimya. Mvua inakata, pengine na jua linachungulia. Watu hutoka kukusanya mabati. Msitoke. Upepo utarudi ghafla ukitokea upande wa pili, na ule ukuta uliokukinga mwanzo ndio utakaopigwa sasa.

Kusikiliza tangazo

Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa na tarakimu mbili za kilomita kwa saa, na watu wengi huzichanganya. Moja ni kasi ya upepo unaozunguka. Nyingine ni mwendo wa kimbunga chenyewe. Upepo unaweza kuwa wa kilomita 120 huku kimbunga kikitembea kilomita 15 kwa saa, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka. Ukisikia kipo kilomita 400 mashariki mwa Kilwa na kinatembea 15 kwa saa, gawanya: saa 26 na kitu. Huo ndio muda wa jicho kufika. Ukitoa nusu, ndio muda wako wa kufanya kazi nje, kwa sababu pindo za kimbunga, mvua na mawimbi, hutangulia mbali sana.

Dhoruba hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa. Kwa vipimo vya bahari yetu huitwa kimbunga kamili ukifika 118. Majina hufuata alfabeti kila msimu, kwa hiyo Hidaya kilikuwa cha 8 msimu ule. Mama mmoja sokoni alisema kitu chenye jina la zawadi hakiwezi kuja na shari. Sikuwa na jibu.

Nguvu ya upepo haiongezeki kwa kujumlisha. Upepo wa kilomita 100 unalisukuma paa mara 4 ya upepo wa 50, si mara 2. Kwa hiyo mtu akikwambia nyumba yake imestahimili upepo mwingi wa kusi, mwambie hongera, lakini huo ni mtihani wa darasa la kwanza.

Na mjihadhari na neno "kimedhoofika". Hidaya kilidhoofika kilipokuwa kinaingia, likatangazwa, watu wakapumua. Kilichodhoofika ni upepo. Mvua haidhoofiki hivyo. Maji yaliyokuwa yamebebwa juu yanashuka yote, pengine siku mbili tatu zinazofuata, pengine mbali na pwani. Kenneth kiliipiga Msumbiji tarehe 25, na mafuriko makubwa ya mji wa Pemba yalikuja tarehe 28. Idai, mwezi mmoja kabla yake, kiliua watu Beira na pia milimani Chimanimani kule Zimbabwe, mbali kabisa na maji ya chumvi. Freddy mwaka 2023 kiliua mamia ya watu Malawi, nchi isiyo na bahari, kwa maporomoko ya udongo kule Blantyre. Ukisikia kimedhoofika, acha kuhangaikia paa, hangaikia maji na miteremko.

Maji ya bahari

Kimbunga huinua bahari kwa njia mbili. Hewa iliyo juu yake ni nyepesi, na kila milibari 1 ya mgandamizo inayoshuka, maji huinuka kama sentimita 1. Hilo ni dogo. Kubwa ni upepo unaoyakusanya maji na kuyalundika ghubani, ambako hayana pa kwenda ila kuingia kwa watu. Hapo ndipo kalenda ya mwezi inapoingia, na wavuvi hawahitaji mwalimu kwa hili. Hidaya kilitukuta mwezi 25 Mfungo Mosi (Shawwal) kwa kalenda ya Kiislamu, maji mafu. Hata maji yalipojaa hayakupanda sana. Kingekuja wiki moja baadaye kingetukuta kwenye bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu wakati wa bamvua hupita mita 3. Nyumba za chini kule kwetu zingekunywa.

Kwa hiyo ukishauliza upande, uliza mwezi. Mwezi mosi au mwezi 15, na jicho linakuja kaskazini mwako: hamisha watu wa chini bila mjadala, hata kama tangazo bado ni la rangi ya njano, ile ya ngazi ya chini.

Vyombo vipandishwe mapema, maji yakiwa yamejaa, ili yakusaidie kuvipandisha. Usisubiri yapwe halafu ukaburuza mashua matopeni na watu wanne. Vuta mpaka juu ya mstari wa takataka za bamvua kubwa uliyowahi kuuona, kisha ongeza hatua 20. Mashine za boti zifunguliwe ziende ndani. Ngalawa toa tanga na mlingoti, chombo kilale chini. Aliyesema atakaa nanga kwenye mikoko, sawa, mikoko inavunja mawimbi na mimi naiheshimu, lakini awe amefunga chombo akarudi nyumbani. Watu wawili ninaowafahamu walilala ndani ya mashua kuilinda. Walirudi wazima, mashua haikurudi.

Nyumba

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kazi ya kweli ya paa hufanywa Oktoba, si siku ya tangazo. Mwambie fundi kenchi zifungwe kwenye linta kwa waya wa nondo, zisikae kwa uzito wake tu. Misumari ya bati iwekwe karibu karibu kwenye kingo na kwenye pembe, ndiko paa huanza kufunuka. Paa la baraza lisiunganishwe na paa kubwa, likipeperuka lipeperuke peke yake. Na hayo mawe na matairi tunayoweka juu ya bati, yashusheni: upepo wa kusi unayaheshimu, kimbunga kitamrushia jirani.

Siku yenyewe, angua nazi zilizo karibu na nyumba. Mbuzi na ng'ombe wafunguliwe kamba. Mnyama huru hutafuta mwinuko, aliyefungwa huzama. Mkae chumba kidogo kuliko vyote, chenye kuta nyingi, mbali na dirisha. Ikiwa nyumba ni ya miti na udongo, msikae. Nendeni shuleni au msikitini au kwa jirani mwenye tofali, mapema, kwa mchana, mkitembea kama watu wanaokwenda shughulini.

Kinachobebwa: vitambulisho, kadi za kliniki, hati, vyote kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Dawa za anayezitumia kila siku, za wiki mbili. Redio ya betri. Kiberiti, mkaa ndani ya nailoni. Na hela taslimu, noti ndogo ndogo. Hili la mwisho nililipia. Fedha zangu zote zilikuwa kwenye simu. Umeme ukakatika, minara ikanyamaza, wakala akakaa kibandani kwake ananitazama nami namtazama. Niliomba mchele kwa mkopo, mimi mwalimu mstaafu, kwa kijana niliyemfundisha ndugu yake kuhesabu.

Watu kabla ya vitu. Mwenyekiti wetu wa kitongoji hakuwa na kipaza sauti, alikuwa na daftari. Ameandika nani haoni, nani hatembei, nani ana mimba ya miezi minane, nani anaishi peke yake, na mbele ya kila jina kijana anayehusika kumfuata. Mjamzito wa miezi ya mwisho apelekwe karibu na hospitali siku mbili kabla, kwa sababu barabara inaweza isiwepo. Wazee wagumu kuondoka. Bi mkubwa mmoja alikataa kabisa kumwachia mwizi cherehani. Vijana wakabeba cherehani kwanza, yeye akaifuata.

Baada yake

Barabara yetu ya kusini ilikatika Somanga na Mikereng'ende, mabasi ya Dar na Mtwara yakakaa pande mbili kama timu zinazosubiri refa. Maji hayakupita juu ya lami tu, yalikula tuta chini yake. Ndiyo maana ninasisitiza: maji yanayotembea juu ya barabara hujui kama kuna barabara chini yake. Yakifika magotini yanamwangusha mtu mzima. Gari halina ujanja mkubwa kuliko mtu. Geuka.

Siku zile kusini tulijua bei ya kila kitu kinachotoka Dar. Mafuta ya taa, unga, nyanya, petroli ya pikipiki. Kwa hiyo weka chakula cha siku 7, si cha siku 2, hasa wewe unayekaa kwenye mji wenye njia moja tu ya kuingilia. Ardhi ilikuwa imeshalowa kwa mvua za El Nino tangu mwisho wa 2023, ndiyo sababu maji ya Hidaya hayakupata pa kuzama. Ufuta ulikuwa unakaribia kuvunwa. Nilimsikia mtu akisema kimbunga kimeshapita salama, naye hajatembelea shamba lake.

Maji ya kunywa chemsheni mpaka yatokote, au tieni dawa ya klorini, hata kama kisima kinaonekana safi. Vyoo vya shimo vimefurika, na kilichokuwa chooni kipo kisimani. Beira, baada ya Idai, kipindupindu kilifuata ndani ya wiki chache. Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari kichotwe, kiachwe kijae, kichotwe tena. Waya wa umeme uliolala chini usiuruke wala usiusogeze kwa mti uliolowa. Weka mtu wa kuzuia watoto, pigeni 114 au 112 mtandao ukirudi. Nyoka nao wamehamia pakavu, maana yake kwako, kwa hiyo shika kijiti kabla ya kuinua bati.

Katikati ya Mei ileile, matope hayajakauka, redio ikataja jina jipya: Ialy. Nilikuwa barazani napepeta mchele. Shemeji akaja mbio kidogo, kofia mkononi, hata shikamoo ya wadogo waliokuwa pale hakuiitikia vizuri.

"Shemeji, hiki nacho kinapita upande gani?"

Nikamwambia kipo mbali mashariki, kinapanda kaskazini kuelekea bahari ya Kenya, hakiji kwetu. Akanitaka nichore. Nikachora kwa kijiti mchangani, pwani, sinia, mshale. Akaitazama ile michoro muda mrefu, akatazama na baharini, akaupa upepo mgongo na kunyoosha mkono wa kulia.

"Haya," akasema. "Lakini leo sitoki. Kesho nitaangalia."